Kupima Umahiri wa Mwanafunzi wa Uuguzi katika Kufunga Kidonda cha Upasuaji

Kufunga kidonda cha upasuaji ni kuulinda mwili mahali ambapo ngozi, kinga yake ya kwanza, imefunguliwa kwa kisu. Muuguzi huondoa bendeji ya zamani, hukikagua kidonda, hukisafisha kama kinahitaji kusafishwa, hukifunika kwa vifaa vilivyotakaswa, kisha huandika alichokiona na alichokifanya. Wodini kazi hii huitwa dresingi, na kwa mtazamaji huonekana nyepesi: troli, bakuli, shashi, koleo na plasta. Lakini ndani yake mna elimu ya vimelea na ya uponaji wa tishu, wepesi wa mikono, mazungumzo na mtu mwenye maumivu, na uamuzi ambao mara nyingi haumsubiri daktari. Kwa sababu hiyo ni miongoni mwa kazi zinazofaa sana kuonyesha kama mwanafunzi wa uuguzi amefikia hatua ya kuachiwa mgonjwa.

Uzito wa jambo lenyewe unaonekana kwenye takwimu. Mwaka 2016, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipotoa mwongozo wake wa kuzuia maambukizi ya vidonda vya upasuaji, lilieleza kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati wagonjwa 11 kati ya kila 100 wanaopasuliwa hupata maambukizi hayo. Barani Afrika, hadi asilimia 20 ya wanawake wanaojifungua kwa upasuaji huambukizwa kidonda. Kila mmoja wao ni mama anayebaki kitandani wakati mtoto wake mchanga anamhitaji, na familia inayolipia dawa na nauli ambazo haikuzipangia.

Hata hivyo, si kila maambukizi huanzia kwenye bendeji. Mengi huingia kidondani mgonjwa akiwa bado chumba cha upasuaji. Mengine huchochewa na kisukari, utapiamlo au upungufu wa kinga. Mwanafunzi anaweza kufunga kidonda kwa ustadi na bado kikatunga usaha. Mwingine anaweza kukosea vibaya na mgonjwa akapona kwa nguvu za mwili wake. Hivyo hatima ya kidonda haiwezi kuwa kipimo cha mtu mmoja mmoja. Kinachobaki ni kumtazama mwanafunzi akitenda, na thamani ya upimaji wote inategemea jinsi utazamaji huo ulivyopangwa.

Umahiri na ngazi zake

Umahiri ni uwezo wa kutumia maarifa, stadi na mwenendo unaofaa kwa pamoja, katika mazingira halisi, kwa kiwango kinachokubalika na taaluma. Sehemu moja ikikosekana, kilichobaki hakitoshi. Anayejua majina ya vimelea vyote lakini akagusa shashi takaswa kwa kidole kitupu hana umahiri. Na anayeshika koleo kwa madaha lakini hajui kwa nini kidonda kinavuja hana pia.

Nchini Tanzania, mafunzo ya cheti na stashahada ya uuguzi na ukunga huendeshwa kwa mitaala inayojengwa juu ya umahiri, chini ya Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET). Usajili na leseni za wauguzi husimamiwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Kenya ina chombo chake, Baraza la Wauguzi la Kenya. Katika nchi zote mbili jina linaloingizwa kwenye daftari la wauguzi ni ahadi ya taifa kwa mgonjwa: kwamba mwenye jina hilo anaweza kumkaribia mtu aliyepasuliwa bila kumwongezea madhara. Chuo kinachopitisha matokeo ya vitendo ndicho kinachoweka msingi wa ahadi hiyo.

Mwaka 1990, George Miller wa Marekani alizipanga ngazi za upimaji kama piramidi. Chini kabisa ni kujua. Juu yake ni kujua namna. Ngazi ya tatu ni kuonyesha namna. Na kileleni ni kutenda kazini. Mtihani wa maandishi hufika ngazi mbili za chini. Chumba cha mafunzo kwa vitendo hufika ya tatu. Wodi peke yake ndiyo inayofika kileleni. Swali la mtihani linalomtaka mwanafunzi aeleze hatua za kufunga kidonda ni halali, lakini jibu lake hupima ngazi ya pili tu. Kosa hutokea pale chuo kinapochukua alama za ngazi hiyo kuwa ushahidi wa ngazi ya nne.

Mambo ya kutazamwa

Mtahini hawezi kupima asichokijua kwa undani. Kabla ya kutunga chombo chochote cha upimaji, kazi yenyewe hupitiwa tangu mwanzo hadi mwisho, na kila hatua huulizwa inamkinga mgonjwa dhidi ya nini.

Maandalizi ndiyo sehemu ya kwanza. Mwanafunzi mahiri husoma faili: siku ya upasuaji, aina yake, kama kuna mrija wa kutoa majimaji, mzio wa dawa au plasta, na hali ya kidonda iliyoandikwa mara ya mwisho. Huuliza kuhusu maumivu, na kama dawa imeandikwa huhakikisha imetolewa mapema, yapata nusu saa kabla. Huchagua wakati: dresingi haifanywi sakafu ikifagiwa au shuka zikikung'utwa, kwa kuwa vumbi hubeba vimelea. Akiwa na wagonjwa kadhaa, huanza na vidonda safi na kumalizia na vilivyoambukizwa. Mpangilio huu wa mzunguko ni sehemu ya umahiri, ingawa mtihani wa mgonjwa mmoja hauwezi kuuonyesha.

Kisha huja mazungumzo. Mwanafunzi huvuta pazia, husalimu kwa heshima inayostahili umri wa mgonjwa, hujitambulisha na kuomba ruhusa. Maneno machache yanatosha: "Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, nimekuja kukubadilishia bendeji. Ukisikia maumivu niambie, nitasimama kwanza." Katika sentensi hizo mna utambulisho, maelezo ya kazi na ahadi ya kumwachia mgonjwa uwezo wa kusimamisha jambo linalofanyika mwilini mwake. Mtahini husikiliza kama ahadi hiyo inatimizwa uso wa mgonjwa unapokunjamana.

Usafi wa mikono ni uti wa mgongo wa kazi yote. WHO imeweka nyakati tano: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji vifaa vilivyotakaswa, baada ya hatari ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Kusugua mikono kwa kitakasa chenye spiriti huchukua sekunde 20 hadi 30. Kunawa kwa maji na sabuni, sekunde 40 hadi 60. Katika dresingi, wakati wa katikati ndio unaohitaji jicho kali: bendeji chafu ikishaondolewa na glavu za kwanza kuvuliwa, mikono husafishwa tena kabla ya glavu takaswa kuvaliwa. Ni rahisi kwa mwanafunzi kuuruka kwa kudhani kuwa glavu zimemkinga, ilhali glavu zinaweza kuwa na matundu yasiyoonekana, na mikono inaweza kuchafuka wakati wa kuzivua.

Kuhusu vifaa, mwanafunzi hukagua furushi kabla ya kulifungua: tarehe haijapita, kitambaa kikavu na hakijachanika, tepu ya kiashiria imebadilika rangi. Anapaswa kujua pia kuwa tepu huonyesha furushi limepitia joto. Haithibitishi peke yake kwamba kila kilichomo kimetakasika. Eneo takaswa likishaandaliwa, kanuni zake ni chache na hazina huruma. Ukingo wa upana wa sentimeta 2.5 huhesabiwa kuwa si takaswa. Kilicho chini ya kiuno si takaswa. Kitambaa kilicholowa kimechafuliwa. Eneo halipewi mgongo, na mkono haupitishwi juu yake. Nchini Uingereza, tangu miaka ya 1990, Stephen Rowley aliendeleza mbinu inayozikusanya kanuni hizi katika wazo moja: tambua sehemu zitakazogusa kidonda, kisha usiziguse. Mwanafunzi aliyelielewa wazo hilo huweza kulitumia hata pale furushi la wodi yake linapotofautiana na la chuoni.

Bendeji iliyogandamana haichomolewi kwa nguvu. Hulowanishwa kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9 hadi iachie. Sababu yake si maumivu peke yake: mwaka 1962, George Winter alionyesha kwa kutumia nguruwe kuwa vidonda vya juu juu vilivyotunziwa unyevu hufunikwa na ngozi mpya kwa kasi takribani mara mbili ya vilivyoachwa vikauke. Kuing'oa shashi kavu huondoa pia tishu changa iliyoanza kuota. Katika kusafisha, mwendo ni kutoka palipo safi kwenda palipo pachafu zaidi, shashi moja kwa mpito mmoja, kisha hutupwa. Mstari wa mshono husafishwa kwanza, ngozi ya pembeni baadaye. Tundu la mrija husafishwa peke yake, kwa duara kutoka ndani kwenda nje.

Ukaguzi wa kidonda ndio sehemu ya kitaaluma kuliko zote, na ndiyo inayopewa muda mchache. Vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya na Marekani hufundisha kuwa dalili ya kwanza ya maambukizi ni wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza usionekane kabisa. Ngozi inayozunguka kidonda huwa nyeusi zaidi, ya zambarau au yenye mng'ao wa kuvimba. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki apimwe kwa dalili za wagonjwa atakaowahudumia: joto linaloonekana kwa kugusa na kulinganisha na upande mwingine, ugumu wa tishu, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, harufu, rangi na kiasi cha majimaji. Orodha ya upimaji yenye kipengele cha "wekundu" bila mengine haya imenakiliwa bila kufikiriwa.

Kazi huisha kwa uchafu kutengwa kwenye mapipa ya rangi zake, vitu vyenye ncha kali kuingia kisanduku cha usalama, mikono kusafishwa, mgonjwa kuelezwa hali ya kidonda chake, na taarifa kuandikwa. Taarifa inayosema tu "dresingi imefanyika" haina thamani kwa muuguzi wa zamu ijayo. Inayofaa hutaja ukubwa, kingo, majimaji, ngozi ya pembeni, maumivu na hatua iliyochukuliwa.

Orodha ya hatua na mipaka yake

Chombo kinachotumika sana vyuoni ni orodha ya hatua: mtahini huweka alama ya vema mbele ya kila hatua iliyofanyika. Faida yake ni kubwa. Humfanya kila mwanafunzi apimwe kwa mambo yaleyale, humzuia mtahini kuongozwa na sura au jina, na huonyesha kwa uwazi mahali palipokosewa. Lakini orodha ina kasoro mbili ambazo zisipotibiwa huharibu hukumu nzima.

Kasoro ya kwanza ni kufidiana kwa alama. Katika orodha yenye hatua 30, kila moja ikiwa na alama 1, mwanafunzi aliyekosa hatua 3 hupata asilimia 90, na kwa hesabu hiyo amefaulu vizuri sana. Ikiwa mojawapo ya hizo tatu ni kugusa kidonda kwa glavu iliyochafuliwa, asilimia 90 hiyo haina maana yoyote kwa mgonjwa. Alama za kusalimu, kuvuta pazia na kupanga troli haziwezi kulipia vimelea vilivyoingizwa kidondani. Kwa hiyo hatua za orodha zinapaswa kugawanywa katika makundi mawili: za kawaida, ambazo alama zake hujumlishwa, na za lazima, ambazo kukosa hata moja bila kuirekebisha huzuia kufaulu bila kujali jumla. Hatua za lazima ziwe chache na kila moja itetewe kwa hoja. Kusafisha mikono kabla ya hatua takaswa, kulinda eneo takaswa, kutorudisha kidondani shashi iliyokwisha kutumika, kumtambua mgonjwa sahihi, na kutoa taarifa ya dalili ya hatari: orodha ya aina hiyo inatosha. Zikifika ishirini, hakuna tena ya lazima.

Maneno "bila kuirekebisha" yana uzito. Wauguzi wenye uzoefu pia huchafua vifaa; koleo hugusa ukingo, kidole hupita mahali pasipofaa. Kinachowatofautisha ni kwamba hutambua papo hapo, husema, na hubadilisha kifaa. Mwanafunzi anayesimama na kusema glavu yake imeguswa, kisha akaivua na kuvaa nyingine, ameonyesha dhamiri ya uuguzi waziwazi kuliko yule aliyemaliza bila kutetereka kwa bahati. Chombo cha upimaji kimpe alama. Kikimwadhibu kwa kukiri, kinawafundisha wanafunzi wote kuficha, na tabia hiyo huenda nao wodini mahali pasipo na mtahini.

Kasoro ya pili ni kwamba orodha huthamini ukamilifu wa hatua kuliko ukomavu wa uamuzi. Mwaka 1999, Brian Hodges na wenzake wa Toronto walionyesha kuwa madaktari wenye uzoefu walipata alama za chini kuliko wanafunzi walipopimwa kwa orodha, ilhali walipopimwa kwa hukumu ya jumla ya watahini waliwazidi. Mzoefu huruka maswali yasiyohitajika na kwenda moja kwa moja kwenye kiini; orodha humhesabia hilo kuwa upungufu. Dawa yake si kuitupa orodha, bali kuiongezea kipimo cha jumla chenye madaraja machache yaliyoelezwa kwa maneno: mpangilio wa kazi, ulinzi wa usafi tangu mwanzo hadi mwisho, upole wa mikono, mawasiliano, na uamuzi. Daraja la juu la uamuzi, kwa mfano, lielezwe hivi: ametambua hali ya kidonda kwa usahihi, ametaja sababu, amechagua hatua inayofaa na kujua lini amwite mkubwa wake.

Mtihani wa vituo

Mwaka 1975, Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Uskoti, walieleza mtihani ambao ndani yake watahiniwa huzunguka vituo kadhaa, kila kimoja kikiwa na kazi na muda wake, na wote hukutana na kazi zilezile. Mtihani huo, unaofahamika vyuoni kwa kifupi cha OSCE, umeenea duniani kote, na kituo cha kufunga kidonda ni sehemu yake ya kawaida. Utungaji wa kituo hicho unahitaji uangalifu katika mambo manne.

La kwanza ni muda. Vituo vya dakika tano hadi kumi vinafaa kwa kupima shinikizo la damu. Kufunga kidonda kwa mpangilio kamili kunahitaji kama dakika ishirini. Muda ukibanwa, mwanafunzi hulazimika kukatiza sekunde za kusafisha mikono, na mtihani wenyewe unakuwa mwalimu wa uzembe. Palipo na vituo vya muda mfupi, kazi hugawanywa: kituo kimoja cha kuandaa eneo takaswa, kingine cha kusafisha na kufunika, kingine cha kusoma picha ya kidonda na kuandika taarifa.

La pili ni kidonda chenyewe. Mfano wa plastiki kutoka kiwandani ni mzuri lakini si lazima. Kipande cha sponji ya godoro kilichofunikwa kwa kitambaa cha rangi ya ngozi, kikapasuliwa na kushonwa kwa uzi, hutosha kwa mshono safi. Rangi ya chakula na uji mwepesi huonyesha majimaji na usaha. Rangi ya maji ikipakwa sehemu zisizopaswa kuguswa, huacha alama kwenye glavu ya aliyezigusa, na mabishano huisha hapo. Mtu aliyefundishwa kuigiza mgonjwa akivalishwa mfano huo tumboni, mwanafunzi hupimwa mikono na maneno kwa wakati mmoja.

La tatu ni wingi wa visa. Ustadi wa kisa kimoja hautabiri vya kutosha ustadi wa kingine. Mwanafunzi aliyefunga vema mshono mkavu anaweza kukwama mbele ya tundu la mrija au kidonda kilichoachwa wazi kipone kutoka chini. Matokeo ya kituo kimoja yasibebeshwe uzito wa mwaka mzima. Visa vitatu tofauti, hata vikiwa vifupi, hutoa hukumu ya kuaminika kuliko kimoja kirefu.

La nne ni uamuzi ndani ya kisa. Mwongozo wa mwaka 1999 wa Vituo vya Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa vya Marekani (CDC) unashauri kidonda kilichoshonwa kifunikwe kwa bendeji takaswa kwa saa 24 hadi 48 baada ya upasuaji. Ndani ya muda huo bendeji kavu isiyo na dalili mbaya haina sababu ya kufunguliwa; baada yake, mshono mkavu uliofunga vizuri unaweza usihitaji bendeji tena. Kituo kinachomwamuru kila mwanafunzi afunge kidonda, hali iwayo yote, hakipimi busara hii. Kituo bora humpa faili la mama aliyejifungua kwa upasuaji saa 20 zilizopita na kumwacha aamue, au humwonyesha mgonjwa wa siku ya sita aliyepasuliwa tumbo, ambaye bendeji yake imelowa ghafla majimaji ya rangi ya waridi. Majimaji hayo yanaweza kutangulia kuachia kwa mshono wa ndani. Mwanafunzi mahiri humlaza mgonjwa magoti yakiwa yamekunjwa, humzuia kula na kunywa, humwita daktari bila kuchelewa, na matumbo yakitokeza huyafunika kwa shashi takaswa iliyolowanishwa kwa maji ya chumvi bila kuyasukuma ndani. Anayeendelea kubandika plasta mpya juu ya bendeji hiyo hajafaulu, hata plasta ikinyooka vipi.

Upimaji wodini

Chumba cha mtihani huonyesha mwanafunzi anaweza nini akijua anatazamwa. Wodi huonyesha hufanya nini kazi ikimzidi. Upimaji wa wodini kwa hiyo haufai kuwa wa siku moja. Hufanywa kwa mitazamo mifupi mingi, kwa wagonjwa tofauti na wasimamizi tofauti, kila mmoja ukifuatwa na maelezo ya papo hapo na kuandikwa kwenye kitabu cha kumbukumbu za mafunzo kwa vitendo. Saini kwenye kitabu hicho ina maana moja tu: aliyesaini alikuwepo na aliona. Kurasa zinazosainiwa kwa pamoja mwisho wa mzunguko, kwa kumbukumbu ya jumla kwamba mwanafunzi alikuwa na bidii, si upimaji bali ni ukarimu unaogharimiwa na mgonjwa.

Uhaba wa vifaa ni hali halisi ya wodi nyingi, na upimaji wa haki huutambua. Mwanafunzi asiadhibiwe kwa sababu furushi halina koleo. Hupimwa kwa anachofanya baada ya kugundua hivyo: kutumia glavu takaswa badala ya koleo ni suluhisho linalolinda kanuni, kugawa furushi moja kwa wagonjwa wawili ni kuivunja. Katika mazingira kama hayo, kujua lipi linaweza kupunguzwa na lipi haliguswi ni kiini cha umahiri.

Mgonjwa halisi ana haki ambazo mfano wa sponji hauna. Huelezwa kuwa anayemhudumia ni mwanafunzi anayepimwa, na ana haki ya kukataa bila huduma yake kupungua. Mtahini naye hana ruhusa ya kutazama tu madhara yakitokea ili aandike alama. Usafi ukivunjwa na mwanafunzi asitambue, mtahini humsimamisha kwa sauti ya chini, kasoro hurekebishwa, na alama huandikwa kama ilivyostahili. Usalama wa mgonjwa huja kwanza, mtihani hufuata.

Watahini

Chombo kizuri mikononi mwa watahini wasiopatana hutoa matokeo ya bahati nasibu. Njia ya kawaida ya kukagua upatano ni kuwapa watahini wawili wawatazame wanafunzi walewale bila kushauriana, kisha kulinganisha hukumu zao. Asilimia ya kukubaliana peke yake hudanganya. Katika mfano wa wanafunzi 40, kila mtahini akiwafaulisha 36 na kuwafelisha 4, na wote wawili wakakubaliana kwa wanafunzi 34, upatano ni asilimia 85 na huonekana wa kuridhisha. Lakini watahini wanaofaulisha asilimia 90 wangekubaliana kwa bahati tu kwa asilimia 82. Kipimo cha kapa, kilichoelezwa na Jacob Cohen mwaka 1960, huiondoa bahati hiyo: katika mfano huu thamani yake ni takribani 0.17, ambayo ni ndogo mno. Ukweli uliofichwa na asilimia 85 ni kwamba kati ya wanafunzi wanne waliofelishwa na kila mtahini, ni mmoja tu waliyekubaliana. Kuhusu wale ambao hukumu ndiyo inawahusu zaidi, watahini hawakuwa wakiona kitu kimoja.

Tiba ni mafunzo ya pamoja kabla ya mtihani. Watahini hutazama video ileile ya dresingi, makosa yakiwemo, kila mmoja huandika alama zake, kisha tofauti hujadiliwa hadi maana ya kila kipengele ikubalike. Saa mbili za kazi hiyo huokoa haki ya darasa zima.

Tatizo zito zaidi halitibiwi na hesabu. Mwaka 2003, Kathleen Duffy wa Glasgow, Uskoti, alieleza katika utafiti wake jinsi wasimamizi wa mafunzo wanavyoshindwa kuwafelisha wanafunzi waliowatilia shaka: huchelewa kuonya, huona huruma, huogopa mgogoro, au hutumaini kuwa mtu mwingine mbele ataliona tatizo. Hali hiyo haina mipaka ya nchi. Mkufunzi anayejua kuwa ada ya mwanafunzi imetokana na shamba lililouzwa hubeba mzigo wa kweli anapoandika kuwa hajafaulu. Huruma hiyo ni ya kuheshimiwa, lakini mahali pake ni mwanzoni: kumwonya mapema, kumwandikia kasoro zake, kumtafutia nafasi ya kurudia mazoezi. Ikihamishiwa kwenye alama ya mwisho, humfikia mgonjwa kama madhara.

Kiwango cha kufaulu na hatua inayofuata

Asilimia 50 au 60 iliyowekwa kwa mazoea haina uhusiano na kazi yoyote mahususi. Njia iliyopendekezwa na William Angoff mwaka 1971 hutoa msingi bora. Jopo la wauguzi wenye uzoefu humfikiria mwanafunzi aliye kwenye mpaka wa kukubalika, aliye salama kwa shida. Kwa kila hatua, kila mjumbe hukadiria uwezekano wa mwanafunzi huyo kuifanya sawasawa. Wastani wa makadirio hayo huwa kiwango cha kufaulu. Hatua ngumu hushusha kiwango na rahisi hukipandisha, na kwa kila namba kuna hoja ya kitaaluma. Juu ya kiwango hicho husimama hatua za lazima, ambazo haziingii kwenye wastani.

Matokeo hurudishwa kwa mwanafunzi siku hiyohiyo, faraghani, kwa kutaja kilichoonekana: "mkono wa kushoto ulipita juu ya eneo takaswa ulipochukua plasta" humsaidia kuliko "jitahidi kuwa msafi". Aliyeshindwa hupewa mazoezi yanayolenga kasoro yake, kisha hupimwa tena kwa kisa kingine na mtahini mwingine. Aliyefaulu naye hapimwi mara moja ikatosha kwa maisha yake yote, kwa kuwa stadi za mikono hupungua zisipotumika. Upimaji wa mwaka wa pili hurudiwa kabla ya kuhitimu, na hospitali inayompokea muuguzi mpya humtazama tena kabla ya kumwachia zamu.

Mwishowe hukumu yote hujibu swali moja, ambalo kila mtahini anapaswa kuweza kulijibu kwa maandishi na kulitetea: je, mwanafunzi huyu anaweza kuachwa peke yake na mgonjwa aliyepasuliwa, bila msimamizi chumbani? Jibu likiwa ndiyo, alama zake ziwe na ushahidi wa visa mbalimbali, wa watahini zaidi ya mmoja, na wa hatua za lazima zilizotimizwa zote. Ushahidi huo ukikosekana, jibu sahihi ni bado, na mwanafunzi hurudi mazoezini.